Maharagwe ya Mzee Ledama Yaliyolala Boma

Baba mkwe wangu, Mzee Ledama, husalimia ng'ombe kwanza ndipo asalimie watu. Nilipoolewa hapa Illasit nikitoka Kitengela, ambako nilikulia katikati ya maduka na magorofa, nilidhani kuna kosa nimemfanyia. Asubuhi alikuwa ananipita mlangoni kama nguzo na kwenda moja kwa moja kwa boma. Huko utamsikia akiuliza huyu alilalaje, yule mguu unaendeleaje, na wewe mbona jicho lina maji. Akimaliza ndiyo anarudi kunipa mkono. Mwishowe nilizoea. Huwezi kushindana na ng'ombe kwenye boma lake.

Mume wangu Lemayian yuko Kitengela, analinda ghala la saruji, na huja nyumbani mwezi ukiisha. Mimi na mtoto wetu Soipan tunakaa na wazee. Kwa hivyo haya ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe, mtoto akiwa mgongoni, nikichambua mboga au nikijifanya nachambua.

Kuna jambo moja la hapa ambalo bila kulijua hutaelewa kilichompata Mzee. Kwa desturi ya Wamaasai, mtu akikupa mnyama, hamwitani tena kwa jina. Mnaitana kwa ile zawadi. Siku niliyoletwa hapa, Mzee alinipa kondoo jike, na kondoo kwa Kimaa ni enker, kwa hivyo yeye kwangu ni Paker na mimi kwake ni Paker. Wageni wakitusikia tukiitana hivyo kutwa nzima hudhani kuna mtu wa tatu anayetafutwa. Na ile zawadi yenyewe si kitu cha kuchezea. Huichinji ovyo, huiuzi ovyo, huitupi. Hata sasa Mzee akinikuta nimekaa kivulini huniuliza kondoo wangu yuko wapi, na ole wangu nikisema sijui.

Ule ukame mkubwa uliopita juzi ulituachia ng'ombe wachache sana. Miongoni mwao alikuwa mtamba mmoja mwenye rangi ya kahawia iliyokolea, ile wanayoiita mugie, na hilo likawa ndilo jina lake. Mama yake alianguka njiani wakati wa kutafuta malisho, na Mzee alimbeba Mugie mabegani kama mzigo wa kuni, akamlea kwa chupa. Ilikuwa chupa ya soda. Mpaka leo Mugie akiona mtu anakunywa soda humfuata.

Baada ya ukame, mama mkwe wangu, Nailantei, alisema kila mwaka tunauza ng'ombe ili tununue chakula, na tukiendelea hivyo tutabaki na kengele tu. Alitaka lile shamba la chini, karibu na mfereji, lipandwe maharagwe. Mzee alikuwa amelitunza kwa malisho ya ndama, lakini ndama wenyewe hawakuwa wengi wa kujaza hata kivuli cha mti. Wakabishana kwa muda, kwa upole, kila mmoja akiangalia upande wake. Mwishowe Nailantei akaweka neno lake. Tukipata magunia mawili, yatatufikisha mvua nyingine na hakuna ng'ombe atakayetoka. Tusipoyapata, Mugie anaenda soko la Rombo.

Mzee alicheka. "Ng'ombe iko na miguu nne na haijawahi kunipotea," alisema. "Hii kitu haina hata mguu moja itanishinda aje?"

Mbegu tulipewa na jirani yetu Mama Mumo. Yeye ni Mkamba, amepanda maharagwe tangu akiwa msichana, na akiongea huwa anang'oa magugu bila kujua, hata akiwa kwa uwanja wa mtu. Alituletea ndoo nzima ya rosikoko, yale mekundu yenye madoadoa. Akamweleza Nailantei kila kitu. Vuta kamba, panda kwa laini, kati ya laini na laini acha nafasi ya mtu kupita na jembe. Kati ya shimo na shimo, upana wa kiganja. Mbegu mbili kwa shimo, mbolea ngumi moja, basi. Zikibaki, akasema, pikeni mle.

Mzee hakusikia mengine yote. Alisikia kwamba amepewa.

Aliinuka, akaishika ile ndoo kwa mikono miwili, akaangalia yale madoadoa kwa muda mrefu jinsi anavyomwangalia ndama mgeni. Kisha akataka kumshukuru Mama Mumo kwa jina linalofaa, akakwama, kwa sababu wazee wa zamani hawakuacha jina la zawadi ya maharagwe. Akafikiri. Akamwita Pamaharagwe. Mama Mumo aligeuka kuangalia nyuma yake kama kuna mtu ameingia.

Tangu siku ile mambo yakaharibika polepole.

Siku ya kupanda, Nailantei alivuta kamba yake kutoka ukingo hadi ukingo. Mzee akamwangalia, akasema wanaopangwa kwa laini ni askari na watoto wa shule. Kitu chenye uhai hulala pamoja. Ng'ombe ukiwatawanya kila mmoja mahali pake, baridi ya mlima itawapata, na fisi atachagua anayemtaka.  Nailantei aliisogeza kamba, akaendelea. Jua lilipofika utosini ilikuwa wazi kwamba shamba lina wenyewe wawili: nusu ya juu ni ya Nailantei na laini zake, nusu ya chini ni ya Mzee.

Mzee alipanda boma.

Sisemi kwa mfano. Alichora duara kwa fimbo, akazungushia matawi ya miiba, akaacha mlango upande unaoelekea nyumbani, kwa sababu boma lisilo na mlango ni kaburi. Ndani ya duara akamwaga zile mbegu zote zilizobaki kwenye ndoo, na zilikuwa nyingi, maana Nailantei alikuwa amechukua kiasi chake tu. Zilizokunjamana alizitia. Zilizotobolewa na wadudu alizitia, akisema wagonjwa pia hulala ndani. Nyingine zilianguka njiani akarudi kuziokota moja moja. Mama Mumo alipopita akamwambia kwa adabu kwamba zile ni mbegu za shamba mara nne ya hilo, kwa nini hakupika zilizozidi.

"Pamaharagwe," Mzee alimwambia, "ukinipa ndama nikampika, kesho utaniita nani?"

 Mama Mumo alinitazama mimi, nami nikamtazama mtoto.

Halafu ikaja mbolea. Watu wengine huitafuta mbolea kwa shida, lakini sisi tuna mlima wake nyuma ya nyumba, samadi ya miaka na miaka, imekauka na kuoza hadi imekuwa nyeusi kama majani ya chai. Mzee aliibeba kwa punda siku baada ya siku. Ngumi moja kwa shimo aliiona kama matusi kwa ng'ombe. Aliimwaga hadi ukiingia kwenye lile duara unazama mpaka kwenye kifundo cha mguu. Punda alianza kujificha akiona gunia.

Mvua ya mwaka huo ilikuja mapema, na ikakaa. Huku kwetu upande wa mlima mvua ikiamua kunyesha hainyeshi kwa aibu. Nguo za Soipan zilikuwa zinakaukia juu ya moto, na mtoto akanuka moshi kama nyama. Maharagwe yakatoka. Ya Nailantei yalitoka kwa laini, mawili mawili, na katikati unaona udongo. Ya Mzee yalitoka yote kwa pamoja kama manyoya ya kondoo. Hukuona udongo, hukuona hata mahali pa kuweka kidole.

Mzee alihamisha salamu zake. Asubuhi alikuwa anaenda kwa ng'ombe, halafu anateremka kwa maharagwe, ndiyo anakuja kwangu. Nikawa nimeshuka hadi namba tatu. Alikuwa anasimama mlangoni mwa lile boma na kuyauliza yamelalaje, na nadhani hata alikuwa anangoja jibu kidogo.

Yalipofika magotini akawaita wazee wa rika lake waje wayaone. Aliyekuja wa kwanza ni Sironka, rafiki yake wa tangu ujana, ambaye hutafuna tumbaku na kutoa hukumu. Hao wazee wamekagua ng'ombe maisha yao yote, kwa hivyo waliyakagua maharagwe kwa njia hiyohiyo. Waliinama wakaangalia pembeni. Wakapapasa majani. Mmoja akasema mgongo umejaa. Mwingine akasema rangi ni ya afya, haya yanakunywa vizuri. Walipofika kwa laini za Nailantei wakatembea polepole kama watu walio kwenye msiba.

"Ng'oto Lemayian," Sironka akamwambia mama mkwe wangu, akimwita mama Lemayian kwa Kimaa, kwa huruma kabisa, "hii yako imekonda. Mbavu zinaonekana."

Nailantei alikuwa anapalilia. Alisema asante kwa kuja, na akaendelea kupalilia. Mimi nilikuwa ninamsaidia, na naweza kusema kwamba kupalilia kwenye laini ni raha, hata ukiwa na mtoto mgongoni. Unapita na jembe lako kama mtu anayefagia ukumbi. Kwa Mzee jembe halikupata mahali pa kuingia. Yeye akasema ni sawa, kwa sababu magugu pia hayatapata mahali pa kuingia. Magugu yalikuwa yameingia zamani na yanaishi huko kama shemeji.

Mama Mumo alijaribu tena. Alikuja na kusema yapunguzwe, yang'olewe yaliyo dhaifu ili mengine yapate hewa, na kabla hajamaliza kusema mkono wake ukawa tayari umeng'oa moja, maana ndiyo tabia yake. Mzee aliuchukua ule mche mkononi mwake, akapiga magoti, akaurudisha mahali pake na kuufunika mizizi kwa vidole, jinsi mtu anavyomrudisha ndama aliyepotea kwa mama yake. Mama Mumo alikaa siku kadhaa bila kupita kwetu.

Akaja pia msichana mmoja wa mambo ya kilimo, alikuwa anazunguka kuangalia mashamba ya watu. Alihesabu mimea kwenye laini za Nailantei, akaridhika. Alipofika kwa boma na kunyoosha kidole aanze kuhesabu, Mzee alikishusha kile kidole taratibu. Vitu vyenye uhai havihesabiwi, alimweleza, ukivihesabu unaviita mikosi. Watoto hatuhesabu, ng'ombe hatuhesabu. Msichana akauliza, sasa mtu atajuaje kama kuna aliyepotea? Mzee akamwambia unawajua kwa sura. Yule msichana aliyatazama yale maharagwe, maelfu kwa maelfu, kila moja na sura yake, akasema atarudi siku nyingine.

Mvua iliendelea. Majani ya Mzee yakawa mapana kama chapati. Ukiinamia lile boma asubuhi ulikuwa unasikia joto na unyevu kama kwenye sufuria iliyofunikwa, na harufu ya kitu kilichosahauliwa. Kwa Nailantei upepo ulikuwa unapita katikati ya laini, na jua likichungulia hata kidogo tu majani yanakauka. Kisha laini zake zikatoa maua, meupe kidogo na ya zambarau kidogo, halafu maganda, membamba kama vidole vya Soipan, yakajaa polepole.

Kwa Mzee palikuwa kijani tu.

Alingoja. Akasema ya kwake ni makubwa, na wakubwa huchelewa. Akangoja tena. Mwishowe akamwita Sironka, na Sironka akainua majani kwa ncha ya fimbo. Chini palikuwa na giza, mabua yamelala juu ya mengine, mengi yameoza kiunoni, na maganda machache meusi yaliyobanana.  Sikuwa mbali, nilikuwa nachuma majani ya mboga, na nilimwona Mzee akivua kofia yake na kuivaa tena.

Halafu akasema neno ambalo kwa kweli lilikuwa la akili. Alisema, "Yamenona hadi yamekataa kuzaa."

Kwa sababu hilo analijua. Mtamba ukimlisha kupita kiasi, anakuwa mzuri wa kutazama, mgongo unang'aa, lakini hashiki mimba. Sironka akakubali kwamba ugonjwa ni huo. Sasa ikabaki dawa. Mtamba aliyenona, alisema Sironka, hupunguziwa chakula na kutembezwa mbali. Wakakaa hapo kwenye jiwe na kujadiliana kwa makini kabisa jinsi ya kutembeza maharagwe. Sironka akauliza kama kuna dume lao. Mzee akasema Pamaharagwe hakumpa dume. Mama Mumo, aliyekuwa amejisahau na kurudi kupita kwetu, alisikia hayo kutoka upande wa pili wa ua, na nilimsikia akikaa chini kwa ghafla kwenye nyasi.

Mzee hakucheka. Kila mtu anajua maharagwe ni maharagwe, hata yeye alijua. Lakini nilimwona jioni hiyo akisimama karibu na Mugie na kumkuna chini ya shingo, na hakuwa anamuuliza chochote.

Siku chache baadaye nilikuwa ninaanika nguo, nikasikia kimya cha ajabu. Mwenye mtoto anakijua hicho kimya. Soipan alikuwa mgongoni, kwa hivyo hakuwa yeye. Nikaangalia chini shambani. Mugie alikuwa amesukuma lile tawi la mlangoni na kuingia ndani ya boma la maharagwe. Alikuwa katikati kabisa, anakula kwa utulivu, na nyuma yake amefuta upande mzima. Nadhani alihisi ni nyumbani. Kulikuwa na miiba, mlango, na harufu ya samadi ya jamaa zake.

Kumtoa haikuwa kazi ngumu, alikuwa ameshiba. Kazi ilikuja baadaye. Majani mabichi ya maharagwe, yenye unyevu, ukila mengi hivyo hugeuka hewa tumboni. Tumbo lake likaanza kufura upande wa kushoto, likapanda hadi likawa juu ya mgongo, na ukiligonga linalia kama ngoma ya kanisani. Alisimama miguu imetanuka, shingo mbele, akihema kwa mdomo.

Mzee alikuja mbio, na sijawahi kumwona akikimbia. Aliniambia, "Paker, mafuta." Nilikuwa na mafuta ya kupikia ambayo nilikuwa nayabania. Nikaleta yote. Yakatiwa kwenye chupa ya soda, na Mugie alipoiona ile chupa akainua kichwa mwenyewe, hata katika shida ile, akanywa hadi mwisho. Wakamsimamisha miguu ya mbele juu ya kichuguu ili hewa ipate njia ya kupanda. Mzee akawa anamsugua tumbo kwa ngumi mbili. Na aliyeshika kichwa ni Nailantei, yeye aliyesema mtamba huyu atauzwa. Alikuwa amekumbatia shingo na kumtajia majina ya mama yake, na ya mama wa mama yake, ng'ombe wote waliokufa, mmoja baada ya mwingine, akimwambia arudi, njia ya huko si yake bado.

Ilichukua muda mrefu. Halafu kikaanza kitu kama ngurumo ya mbali, na hewa ikatoka. Ilitoka mbele, ikatoka nyuma, ikaendelea kutoka. Sironka, aliyekuwa amekuja kusaidia na kusimama mahali pabaya, alipoteza tumbaku yake. Soipan alicheka hadi akashikwa na kwikwi. Tumbo likashuka taratibu kama mkate uliotolewa kwenye moto mapema, na Mugie akapiga hatua, akanusa chupa kuona kama kuna nyingine.

Nailantei aliachilia shingo, akafuta mikono kwa leso, akasema chai itapoa. Neno lake la Rombo hakulifuta. Hakuna aliyemuuliza.

Mvua ikaisha, kiangazi kikaingia. Tukang'oa maharagwe ya laini, tukayaanika kwenye turubai, tukayapiga kwa fimbo na kupepeta. Mama Mumo alikuja kutusaidia. Gunia la kwanza likajaa, likashonwa mdomo. La pili likapita nusu na kusimama hapo. Mzee akaenda kwenye boma lake peke yake na akakaa huko muda mrefu, akipekua chini ya mabua. Alirudi ameshika kofia mkononi, na yote aliyoyapata yalikuwa ndani ya kofia. Akayamwaga kwenye gunia. Sote tukaangalia. Kimo cha gunia hakikusogea.

Nailantei hakusema, "Nilikuambia." Angesema ingekuwa afadhali.

Kesho yake Mzee alimsalimia Mugie, halafu akamfunga kamba shingoni na kutoka naye. Mimi nikatangulia kwa Mama Mumo, maana yeye alitusaidia na ilikuwa zamu yangu kumsaidia. Kwake maharagwe yalikuwa yamelundikwa kama nyasi za kuezekea, yamemshinda, na alikuwa ametangaza kwamba yeyote atakayekuja kupiga ataondoka na fungu lake la maharagwe. Waliokuja ni wanawake tu. Kupiga maharagwe huku si kazi ya mwanamume, tena mzee, tena mwenye kofia kama ya Mzee Ledama.

Tulimwona akija barabarani na Mugie, kuelekea upande wa Rombo. Alipofika kwenye ua akapunguza mwendo. Akaangalia lile lundo. Akapita. Hatua chache mbele akasimama, Mugie akamgonga mgongoni. Akarudi, akamfunga kwenye nguzo ya ua, akaingia katikati yetu bila kumwangalia mtu.

"Pamaharagwe," akasema, "nipe fimbo."

Mama Mumo akamwambia fimbo anayo mkononi. Ilikuwa ile ya kuchungia, aliyotembea nayo miaka yote. Mzee akaitazama, kisha akaanza.

Alipiga vibaya sana. Alipiga kama mtu anayefukuza simba, na maharagwe yakaruka huku na huku. Tuko karibu na mpaka hapa, na nadhani mengine yalienda Tanzania. Wanawake wakafunika nyuso kwa leso. Mama Mumo akamwonyesha kwamba fimbo unaiacha ianguke yenyewe, hugombani nayo. Akajifunza. Jasho likamtoka, akavua kofia na kuitundika kwenye pembe ya Mugie.

Sironka akapita, kama kawaida yake ya kupita mahali ambapo kuna jambo. Akasimama kwenye ua.

"Menye Lemayian," akasema, yaani baba Lemayian, "umeolewa hapa?"

"Nimeposwa," Mzee akajibu bila kusimama. "Chukua fimbo ama pita."

Sironka alitafuna tumbaku yake. Akatazama kushoto na kulia barabarani. Watu wa rika moja hawaachani, hata kwenye aibu, hiyo ni sheria yao. Akaingia akinung'unika kwamba anakuja kukaa tu, na baada ya muda mfupi alikuwa anapiga pia, na mwingine akaja kuwatafuta wawili hao, naye akabaki. Wakaanza kuimba wimbo wa kusifu ng'ombe ili wapate mapigo. Sijawahi kusikia maharagwe yakisifiwa pembe zao hivyo.

Jua lilipokuwa linaelekea kutua Mama Mumo akapima mafungu. Sironka na yule mwenzake wakasema hawana haja na chakula cha ndege, wakasukuma mafungu yao kwa Mzee na kuondoka haraka kabla hajawashukuru. Mzee akabeba gunia begani. Mama Mumo alitaka kumsaidia kulifunga mgongoni kwa Mugie, Mzee akasema ng'ombe si punda. Mugie akafuata nyuma, kamba ikiburuta chini, hakuna aliyeishika.

Nyumbani, Nailantei alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya lile gunia la pili, na sindano ya kushonea magunia ilikuwa imechomekwa kwenye ushanga wa sikio lake, kama mtu aliyekuwa anangoja. Mzee hakueleza alikotoka. Alikuwa na vumbi la maganda hadi kwenye nyusi, haikuhitaji maelezo. Akalegeza gunia lake na kumwaga ndani ya lile lingine. Maharagwe yakapanda. Yakapanda hadi karibu na mdomo, na kwa karibu ninamaanisha palibaki nafasi ya kiganja cha mtu, kimesimama.

Mzee akalikung'uta gunia lake tupu. Likatoka haragwe moja. Akaliokota na kulitia.

Sasa, mimi nimekaa na mama mkwe wangu, nimemwona akipimia watu. Yeye hutikisa gunia. Huliinua na kulidundisha chini tena na tena, hadi kila punje imekaa kwenye tako la mwenzake, ndipo aseme limejaa au halijajaa. Wachuuzi wa sokoni wanamwogopa kwa hilo. Angelitikisa hili namna ile, lingeshuka vibaya.

Nailantei aliinuka. Akashika gunia kwa masikio yake. Mzee akaacha kupumua, nilimwona, mbavu zilisimama.

Akalitikisa mara moja, kidogo, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Akavuta midomo ya gunia ikakutana, akatoa sindano, akaanza kushona.

Tulimwangalia akishona hadi mwisho. Alipofika kona ya pili akakata uzi kwa meno na kufunga fundo.

"Toa ng'ombe yako kwa kamba ya nguo," akamwambia Mzee, bila kuinua macho. "Inakula kanga ya mtoto."

Mzee akaenda kumtoa, na ni kweli alikuwa ameshaila nusu.